Kabati la Darasa la Sita

Barua ilikuwa na mistari minne tu, lakini Inchi aliisoma mara sita njiani, na kila alipoisoma ilizidi kuwa mbaya. Mwalimu wa darasa alimwomba mzazi wake, "kwa kuwa tumearifiwa kwamba wewe ni fundi samani hodari," awatengenezee kabati la vitabu. Mbao zingenunuliwa na shule. Kabati la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa mpaka likaanguka lenyewe katikati ya somo la jiografia.

Aliyewaarifu ni rafiki yake Redio. Nani mwingine? Redio alianza kuzungumza alipoamka na kunyamaza alipolala, na kwa maelezo ya dada yake, hata akilala hakunyamaza sana. Mwalimu alikuwa hajamaliza kuuliza kama kuna mzazi fundi, Redio akawa ameshasimama juu ya benchi, kidole hewani.

"Baba yake Inchi, Mwalimu! Anatengeneza vitanda!"

Tusimwonee Redio. Kosa lilikuwa la Inchi mwenyewe. Wiki yake ya kwanza katika shule hii mpya, Redio na Miwani walimuuliza baba yake anafanya kazi gani, naye akajibu kwamba ni fundi wa mbao. Anatengeneza nini? Vitanda. Miwani, msichana mtaratibu aliyependa mambo yanyooke, akauliza ni vitanda vya aina gani.

"Vya mtu mmoja," alisema Inchi, halafu akaulizia ratiba ya mitihani.

Baba yake alitengeneza majeneza.

Inchi hakuona haya kwa kazi yenyewe. Alizaliwa katikati ya maranda, na hata jina hilo la Inchi alipewa na baba yake, ambaye siku mtoto alipoletwa nyumbani mchanga alimpima kwa tepu ya karakana kabla ya kumbeba. Alichoogopa ni yale yanayofuata watu wakishajua. Shule ya zamani walimwita Sanduku. Aliyeazima rula yake aliipangusa kwanza kwenye sketi. Miaka mitano alikaa peke yake kwenye dawati la watu watatu, akawa ana nafasi kubwa kuliko mwalimu. Hapa, wiki ya saba tu, alikuwa na marafiki wawili waliogombana nani akae karibu naye. Kwa ajili ya hilo alikuwa tayari kudanganya mpaka chuo kikuu.

Aliikunja barua ikawa ndogo kama kipande cha ubani, akaisukumiza ndani ya soksi, akaamua kwamba ilipotea.

Alipofika karakana, baba yake alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, uso mzima meno.

"Mwalimu wako amenipigia!"

*

"Hodari," alisema baba. "Fundi samani hodari. Umesikia, mama Inchi?"

"Nimesikia," alisema mama, midomo ikiwa imebana pini nne. Yeye ndiye aliyeshona vitambaa vya ndani ya majeneza, na wakati huo alikuwa akitia mikunjo kwenye satini nyeupe. "Umeniambia mara tano. Umewahi kutengeneza kabati?"

"Kabati ni nini? Ni sanduku lililosimama."

Mama alitoa pini mdomoni moja moja. "Baba Inchi."

"Nini?"

"Basi tu." Akarudi kwenye satini yake.

Inchi alivuta kigoda akakaa karibu na miguu ya baba yake. Aliongea kwa upole, kama mtu anayemshawishi mgonjwa anywe dawa. "Baba, mwambie Mwalimu una kazi nyingi."

"Nina kazi nyingi kweli. Lakini hii ni ya watu wanaopumua, mwanangu. Watoto sitini! Watalifungua kila siku. Unajua kazi zangu zinafunguliwa mara ngapi?"

Inchi alijua. Akaona kwamba mlango wa kukataa umefungwa, akageukia masharti.

"Basi lisiwe na vishikio vya shaba."

"Kabati bila vishikio watalihamishaje?"

"Kimoja tu, baba. Mlangoni."

"Haya, kimoja."

"Na lisiwe na satini."

"Satini ina ubaya gani?" aliuliza mama, akiinua kichwa.

"Haina ubaya, mama. Lakini vitabu haviumwi mgongo. Na pembe nne, baba. Juu upana huu, na chini upana huu huu. Makabati hayana mabega."

Baba alicheka mpaka akashika ubavu, halafu alipoona mtoto hacheki, akainua mkono wa kulia na kula kiapo. Inchi hakuridhika. Alichana karatasi katikati ya daftari, akachora kabati la pembe nne, akaandika vipimo pembeni, akaibandika ukutani mbele ya meza ya kazi kwa misumari minne. Baba aliitazama ile picha kwa heshima kubwa.

Wiki nzima alifanya kazi nyuma ya pazia. Alitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Inchi alisikia randa, alisikia msasa, alimsikia baba yake akipiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya karakana kwa kuwaheshimu wateja. Jumapili mama aliingia nyuma ya pazia, akakaa dakika chache, akatoka bila kusema neno, akaenda kuchukua kikapu chake cha kushonea. Inchi alikiona kile kikapu kikiingia. Akajiambia kwamba labda suruali ya baba imechanika.

*

Baba na mwalimu wa darasa walikubaliana kwamba kabati litaletwa Jumatatu mchana, watoto wakiwa darasani. Lakini Jumatatu hiyo baba alikuwa na maziko saa nne, na shule ilikuwa njiani. Akaona apige ndege wawili kwa jiwe moja: ashushe kabati asubuhi, kisha aendelee na safari. Ndiyo maana gari lililoingia getini lilikuwa lile jeusi lenye mapazia, na ndiyo maana baba pamoja na wachukuzi wake watatu walikuwa wamevaa suti nyeusi na glavu nyeupe.

Mlinzi wa geti alikuwa na kawaida ya kuuliza kila mgeni anakotoka na anakokwenda. Siku hiyo hakuuliza. Alivua kofia.

Shule nzima ilikuwa mstarini. Mwalimu Mkuu alikuwa akihutubia juu ya uchelewaji, na alikuwa amefika kwenye sehemu aliyoipenda, ya yeye mwenyewe alivyokuwa akitembea maili saba, wakati wanaume wanne walipotokea pembeni mwa jengo la ofisi wakiwa wamebeba kitu kirefu mabegani, kimefunikwa shuka jeupe. Shuka lilikuwa la kuzuia vumbi. Mwendo ulikuwa wa polepole, hatua na kusita, hatua na kusita, kwa sababu wanaume hao miaka kumi na mitano hawakuwahi kubeba kitu kwa mwendo mwingine.

Mwalimu Mkuu alinyamaza. "Watoto," alisema kwa sauti ya chini, "simameni wima."

Watu mia nne walisimama wima. Kwenye mstari wa darasa la sita, Inchi aliomba ardhi ipasuke immeze. Ardhi ilikaa kimya.

"Ni nani?" alinong'ona Redio.

"Sijui," alinong'ona Miwani. Kisha akashika mdomo. "Mwalimu wa hesabu! Hajaonekana tangu Alhamisi!"

Neno lilipita mstari hadi mstari. Mwalimu wa hesabu alikuwa mkali, hakuna aliyempenda, lakini sasa ilibainika kwamba wote walimpenda. Mtoto wa darasa la kwanza alianza kulia kwa kwikwi, darasa lake likampokea. Mama mmoja aliyekuwa akipita nje ya ua, mtu wa watu, aliweka kapu chini akaingia ndani kusaidia kulia.

Basi wakati huohuo mwalimu wa hesabu akatoka chooni. Alikuwa na homa, ndiyo, lakini alikuwa amepona. Alipoona shule imejipanga kwa huzuni namna ile, alivua kofia, akajipenyeza kimya kimya kando ya mwalimu wa muziki, akamwinamia sikioni. "Jamani, nani ametutoka?"

Mwalimu wa muziki alipiga yowe ambalo hakuwahi kulifikia katika kuimba.

Utulivu ulipopatikana kidogo, na mwalimu wa muziki alipopatiwa kiti, Mwalimu Mkuu alimsogelea baba. "Poleni sana," alisema.

"Asante sana," alijibu baba. Watu humpa pole kila anapofika, naye huitikia bila kufikiri. "Tuliweke wapi?"

"Mnataka kuliweka... hapa?"

"Darasa la sita."

Darasa la sita lote lilirudi nyuma hatua tatu.

"Ni kabati, Mwalimu," baba alisema, akaona kwamba kuna jambo halijaeleweka. Wakalisimamisha, akavuta shuka.

Hatuwezi kusema hakujitahidi. Lilikuwa kabati. Lilikuwa na rafu tano na mlango wenye kitasa. Lakini lilikuwa na mabega. Lilipanuka kuanzia juu, likafikia upana wake mkubwa kwenye rafu ya pili, kisha likanywea polepole mpaka chini, na lingesimama kwa shida kama lisingewekewa miguu. Vishikio vya shaba vilikuwa sita, vitatu kila upande. Penye rafu ya juu palikuwa na kidirisha cha kioo, ili mwalimu aone kilichomo bila kufungua. Na baba alipofungua mlango, satini nyeupe iling'aa kwa jua la asubuhi, mikunjo yake imepangwa sawasawa, kazi ya mama, na kwenye rafu ya juu kulikuwa na kimto.

Kicheko kilianzia kwa walimu. Kilipofika kwa watoto hakikuwa na wa kukizuia. Watu walilaliana mabegani, yule mama wa kapu akacheka kwa bidii ileile aliyolilia, na Mwalimu Mkuu mwenyewe alilazimika kuvua miwani aifute.

Baba hakuelewa wanacheka nini. Alikuwa akiangaza macho kwenye mistari, kidevu juu, tayari kumwonyesha kidole mwanawe na kusema yule ni wangu. Akamwona. Inchi alikuwa amejibanza nyuma ya Miwani, amejikunja magoti, anatikisa kichwa. Alikitikisa kidogo tu, lakini maana yake ilikuwa wazi.

Kidevu cha baba kilishuka.

"Fundi wa kitu hiki ni nani?" aliuliza Mwalimu Mkuu, akijaribu kuwa mkali.

"Fundi hakuja, Mwalimu," alisema baba. "Sisi wachukuzi tu."

Wachukuzi wenzake watatu walimgeukia. Mmoja alifungua mdomo, baba akamkanyaga kiatu.

"Basi mwambieni huyo fundi wenu," alisema Mwalimu Mkuu, "kwamba tuliomba kabati, hatukuomba msiba. Huu ni utani wa kijinga. Watoto wamelia hapa."

"Nitamwambia."

"Mwambie kama hajui kazi, aseme hajui."

"Nitamwambia, Mwalimu. Atasikitika." Baba alikuwa amevua glavu, anazikunja na kuzikunjua.

Inchi alizitazama zile glavu. Yule mtu aliyepiga mluzi wiki nzima nyuma ya pazia alikuwa amesimama mbele ya watu mia nne anajitukana mwenyewe, na anafanya hivyo kwa ajili yake, na anafanya kwa adabu. Inchi alimpenda na kumwonea aibu kwa pamoja, na vitu hivyo viwili havikukaa vizuri kifuani. Alipiga moyo konde, akamsogeza Miwani pembeni.

Kutoka mstari wa darasa la sita mpaka mbele ni hatua ishirini na moja. Alizihesabu zote.

"Mwalimu, fundi amekuja," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaikohoa, akaanza upya. "Fundi ni huyu. Ni baba yangu. Anatengeneza majeneza, na hakuna anayemzidi. Kabati ni mara yake ya kwanza. Nilimwambia lisiwe na mabega, akaapa, lakini mikono yake imezoea. Hakufanya utani."

Kicheko kilikatika vipande vipande, kisha kikaisha. Mwalimu Mkuu aliangalia viatu vyake.

Aliyeokoa mambo ni mwalimu wa darasa, mwanamke wa vitendo. Alilisogelea kabati akafungua mlango, akaufunga. Haukulia. Akapitisha ukucha kwenye maungio, haukupata pa kuingia. Akagonga ubavuni, akasikiliza.

"Hili mchwa ataliangalia tu," alisema. "Lipelekeni darasani. Kimto nitakitumia mimi, kile kiti changu ni kigumu."

*

Inchi aliporudi mstarini, Miwani alimpisha nafasi bila kumtazama. Redio hakusema kitu.

Hakusema kitu mpaka mapumziko. Hakusema kitu mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu wa jiografia alimshika paji la uso akamuuliza kama anaumwa. Kesho yake Redio alihamia dawati la mbele, Miwani akamfuata na kalamu zake, na Inchi akabaki na benchi zima, upana anaoujua vizuri.

Jioni hiyo alikaa kwenye kigoda karakana, akiokota misumari iliyoanguka na kuirudisha koponi.

"Ile ya mabega," alisema baba, akiendelea kupiga randa. "Niliitazama picha yako, mwanangu. Kila siku niliitazama. Nikishika msumeno, mkono unakwenda unakokwenda."

"Najua, baba."

"Nawe uliona aibu."

"Niliona," alisema Inchi. "Nisamehe."

"Nami niliona. Basi tuko sawa." Akapuliza maranda. "Rafiki zako wamesemaje?"

"Hawajasema."

"Hata yule Redio?"

"Hata yeye."

Baba aliweka randa chini. Alikuwa amemsikia Redio kwa simu mara moja tu, simu ikiwa chumba cha pili. "Basi ni jambo kubwa," alisema.

*

Jumatano, penye bomba la maji, Redio alipasuka.

Foleni ilikuwa ndefu. Inchi alikuwa akijaza chupa yake, na alipogeuka aliwakuta wote wawili wamesimama nyuma yake, Redio amevimba mashavu, Miwani ameshika mkono wake kama anayemzuia mbwa.

"Vitanda!" alifoka Redio.

"Niliogopa mngeniita Sanduku," alisema Inchi.

"Sanduku? Hilo ndilo jina?" Redio alionekana kuudhika kwa niaba ya majina yote. "Halina hata ladha. Mimi ningekutafutia zuri. Lakini si hilo! Baba yako atengeneze majeneza, atengeneze mizinga, mimi inanihusu nini? Mimi nilikwambia siri yangu ya kweli. Nilikwambia kwamba naogopa giza na mama ananishika mkono mpaka nilale! Na Miwani akakwambia kwamba miwani yake ni kioo tupu, anaivaa ili aonekane ana akili!"

"Redio," alisema Miwani. "Sauti."

Foleni nzima ilikuwa imeacha kuchota maji.

"Tulikupa siri mbili," Redio alimalizia, akishusha sauti wakati ambapo haikusaidia tena, machozi yakianza kumlengalenga. "Wewe ukatupa vitanda."

Inchi alisimama na chupa yake inayovuja. Siku tatu alikuwa ametunga hotuba ya kutetea majeneza, yenye hoja nne, na sasa aligundua kwamba hakuna aliyeyashtaki. Hasira ilikuwa ya kitu kingine kabisa, na katika kitu hicho hakuwa na utetezi.

"Naomba nilipe," alisema.

Redio alipangusa pua. "Iwe ya kweli. Na iwe ya aibu."

Inchi aliwavuta mpaka nyuma ya tangi, watu wasikofika. Alitazama huku na huku. Jambo hili hata mama yake hakulijua vizuri.

"Kazi zangu za nyumbani," alisema, "nazifanyia ndani ya jeneza. Randa inapiga kelele sana pale kwetu, na hakuna chumba kingine. Nikiingia nikavuta mfuniko nusu, sisikii kitu. Na ni laini. Siku nyingine usingizi unanichukua. Mwezi uliopita mzee mmoja alikuja kuchagua la kwake mapema, asiwasumbue watoto wake. Akawa anaingiza mkono katika lile nililokuwamo, kuona satini ilivyo."

"Halafu?" aliuliza Miwani.

"Halafu nikapiga chafya."

"Akafanya nini?" aliuliza tena Miwani.

"Hatujui. Aliacha kofia na fimbo. Baba anavitunza, lakini mwenyewe hajarudi."

Redio alijaribu kuendelea kununa. Alijikaza, akabana midomo, akaangalia mbali, kisha akateleza taratibu ukutani mwa tangi mpaka akakaa kwenye tope, akicheka bila sauti, miguu ikirukaruka. Miwani alivua miwani yake ya kioo tupu akajifuta machozi, akaisahau mkononi.

Walipoishiwa pumzi, Redio alijipangusa tope mikononi. Inchi alimtazama kwa wasiwasi.

"Tukijibana," alisema Redio, "tutaenea watatu?"

"Kuna moja la bwana mmoja mnene sana," alisema Inchi. "Linachukuliwa Ijumaa."

"Basi ni kesho," alisema Miwani. "Nitaleta hesabu."